Yakisoba ya Karai: Shajara ya Jikoni Tudor, Mombasa

Kabla ya kuwasha moto

Jumanne na Alhamisi zamu ya kupika cha usiku ni yangu. Mke wangu siku hizo husomesha masomo ya jioni, hurudi saa mbili, na mwaka mzima nimekuwa nikijiokoa kwa viazi vya karai na mishikaki ya barabarani. Watoto hawana neno. Mamangu ndiye aliyesema siku moja, macho yakiwa kwenye tasbihi: "Mwanamume mzima, kila Jumanne anaingia na kifurushi cha gazeti."

Kwa nini basi chakula cha Kijapani? Binti yangu wa miaka 12 anatazama katuni za huko, na humo kila mtu anavuta tambi kwa vijiti mpaka unaona njaa. Hiyo moja. La pili ni kazi yangu ya kutoa magari bandarini. Kutwa niko ndani ya magari yaliyoshuka kutoka Japani. Ukiwasha tu, kisauti cha mwanamke kinakusemesha Kijapani, nami humjibu "ahsante dada" nikaendelea na makaratasi. Miaka kumi namsikiliza bila kujua kwao wanakula nini.

Nimechagua yakisoba, kwa sababu ni chakula cha haraka hata kwao: tambi, kabichi, nyama kidogo, sosi nyeusi yenye uchachu na utamu, vyote juu ya chuma cha moto. Huuzwa sana kwenye vibanda vya sherehe za mitaani. Jina lenyewe linapotosha. Soba kwa kawaida ni tambi za unga wa buckwheat, mbegu isiyo ya jamii ya ngano, lakini kwenye yakisoba hamna hata chembe yake. Ni tambi za ngano, ndugu wa rameni, zile tambi za supu za Kijapani.

Nimejiwekea masharti. Chakula kiwe mezani ndani ya dakika 20. Kila kitu kipatikane soko la Marikiti, la Kongowea au duka la hapa chini. Nguruwe, anayetiwa sana huko, hana nafasi, wala mvinyo wa mchele unaoingia kwenye sosi zao nyingi. Na kipikwe kwenye karai letu lile lile la bajia.

Jumanne ya kwanza

Tambi za pakiti, zile ambazo watu huziita Indomie hata zikiwa za kampuni nyingine. Pakiti nne. Nilizichemsha dakika tatu kama karatasi inavyosema, nikamwaga maji, nikazitupa kwenye karai pamoja na kabichi, karoti, vitunguu na sosi ya soya.

Zikawa rojo. Si rojo la kulaumiana, ni rojo la kucheka: mwiko ukiinua, linanyanyuka lote kwa pamoja kama ugali wa jana. Binti yangu alikula kwa adabu, na adabu yake iliniuma kuliko angelalamika. Mdogo wake alikula karoti akaacha mengine.

Mama alionja uzi mmoja. "Tambi nazijua mimi. Tambi ni sukari, iliki na tui, zikaangwe kidogo kwanza. Za chumvi hizi nimeziona wapi?" Akaenda kuchukua mkate.

Usiku nikakaa kusoma nilipokosea. Tambi za pakiti alizibuni Momofuku Ando mwaka 1958. Ujanja wake ulikuwa kuzipika kwanza, kisha kuzikausha ndani ya mafuta ya moto. Maji yaliyo ndani ya tambi hutoka kwa kishindo na kuacha vitundu vidogo vidogo, na vitundu hivyo ndivyo vinavyonywa maji moto haraka ukizirudisha kwenye sufuria. Kwa hivyo mimi nilichemsha kitu kilichokwisha kuiva, kisha nikakipika mara ya tatu kwenye kabichi linalotoa maji. Hizo dakika tatu ni za mtu anayetaka supu.

Alhamisi ya kwanza

Leo dakika moja tu, mpaka tambi zianze kuachana. Nikazichuja, nikazipitisha kwenye maji baridi, nikazitikisa sana, nikatia kijiko cha mafuta nikazichezesha kwa vidole. Kila uzi peke yake. Nilijiona fundi.

Kisha kabichi likaniangusha. Nilitia kila kitu kwa mkupuo mmoja, na karai lilisema "shaaa" kwa muda wa pumzi mbili, likanyamaza. Lilipoanza kusema tena lilisema "bloko bloko". Hiyo ni sauti ya kuchemsha, si ya kukaanga. Chini kulikuwa na maji ya kijani kiasi cha robo kikombe.

Wauza bajia wanalijua hili, hawatii kumi kwa pamoja hata foleni ikifika barabarani. Moto wa jiko letu la gesi ni mdogo, na kila kitu baridi unachotia kinaula. Tangu leo: mboga peke yake, zitoke; tambi peke yake, ziachwe bila kuguswa dakika nzima mpaka upande wa chini uanze kuwa kahawia; ndipo vikutane.

Ladha yenyewe? Chumvi tupu. Sosi ya soya peke yake haifiki.

Jumamosi, Marikiti

Hii ndiyo siku niliyoifurahia zaidi katika mradi mzima, na sikupika.

Nilipita supamaketi mbili kutafuta chupa ya sosi ya yakisoba. Hamna. Katika kupekua rafu nikachukua chupa ya sosi ya Worcestershire, hii ya Waingereza, nikasoma mgongoni: siki, molasi, sukari, chumvi, dagaa, ukwaju. Ukwaju! Nikasimama pale kama niliyeitwa jina. Nilikuwa nimeshasoma kwamba sosi nyeusi ya Wajapani ni mtoto wa hiyo ya Waingereza. Waliiga katika karne ya 19, wakaigeuza ikawa nzito na tamu zaidi, na yakisoba hupikwa kwa hiyo. Sasa kama babu wa sosi ni ukwaju na dagaa, mimi natafuta nini supamaketi?

Chupa nikairudisha, nikaenda Marikiti. Nilinunua ukwaju wa donge, sukari guru, pilipili manga nzima, tangawizi, na robo kilo ya dagaa wa baharini wa kukausha, hawa tunaowaita uono. Muuzaji ukwaju aliniuliza napika nini. Nikamwambia tambi. Akaniangalia, akaniongezea donge dogo bure, pengine kwa huruma.

Nyumbani, kabla sijafungua mdomo, Mama alikuwa ameshavuta sahani ya dagaa mapajani. Nilimwambia Wajapani nao wana dagaa wao wakavu wanaowachemshia supu, na kwamba huwatoa kichwa na tumbo kwanza kwa sababu ya uchungu. "Na kwani nani asiyejua hilo?" Kucha ya kidole gumba shingoni, kibano kimoja, kichwa na utumbo vinatoka pamoja kama uzi, mwili unabaki msafi. Yeye alimaliza sahani, mimi nikiwa na dagaa tisa, watatu wamevunjika. Tukawakaanga bila mafuta mpaka wakanukia, tukawatwanga kwenye kinu wakawa unga.

Huo unga si mbwembwe. Mwaka 1908 profesa wa kemia wa Tokyo, Kikunae Ikeda, alitafuta kinacholeta ule utamu-mnofu wa mchuzi wa mwani, akakipata: glutameti, akaiita ladha hiyo umami. Mwaka 1913 Shintaro Kodama akapata kingine ndani ya samaki mkavu, inosineti. Viwili hivi vikikutana ladha haijumlishwi, inazidishwa. Glutameti imejaa kwenye sosi ya soya na nyanya. Inosineti imo kwenye dagaa. Ndiyo maana kijiko kimoja cha unga ule kilibadilisha bakuli zima.

Sosi ilivyotoka mara ya nne, na hii ndiyo naiandika: ukwaju mzito uliokamuliwa kwa maji moto, vijiko vitatu vya kulia, sosi ya soya vitatu, tomato sosi viwili, sukari guru iliyokunwa kijiko kimoja na nusu, unga wa dagaa kijiko cha chai, pilipili manga ya kutosha, karafuu moja iliyosagwa, moja tu. Ichemke kidogo mpaka ishike mgongo wa kijiko. Mara ya pili nilitia karafuu tatu, ikanuka kama dawa ya meno.

Kuhusu sosi ya soya: someni mgongo wa chupa. Baadhi zimeongezwa alkoholi ili zisiharibike, na imeandikwa. Nilipata isiyonayo kwenye rafu hiyo hiyo.

Jumanne ya pili

Tambi za pakiti hazishibishi watu watano mpaka zifike pakiti sita, na vile vifuko vya unga vya chumvi nabaki navyo. Nikaamua kujaribu spageti nyembamba, pakiti moja ya gramu 400.

Spageti ni ngano na maji. Inaiva, lakini haina ule mnyumbuko, na rangi yake imepauka. Tambi za rameni na yakisoba hukandwa na maji ya alikali ambayo Wajapani huyaita kansui: kaboneti ya sodiamu na ya potasiamu. Alikali ndiyo inayoukaza unga ukawa unaruka mdomoni, na ndiyo inayoitoa rangi ya njano iliyojificha ndani ya ngano. Kaboneti ya sodiamu! Sisi tuna ziwa zima la kitu hicho kule Kajiado, na jina lake ni Magadi.

Basi nikachukua jiwe la magadi la kulainishia maharagwe, nikaliponda, nikatia kijiko kikubwa kwenye maji yanayochemka. Spageti ikafuata. Nikageuka kukata kitunguu.

Povu lilipanda kama la omo, likaruka ukingo, likazima jiko. Gesi inatoka, moto hamna, mimi napiga kelele watoto watoke jikoni. Nilipofunga gesi na kufungua madirisha, niliwasha tena nikamalizia. Rangi ilikuwa nzuri sana, njano ya kiini cha yai. Mnyumbuko wa kweli. Na ladha ya sabuni. Mama alinusa tokea kibarazani: "Umepika maharagwe?"

Tulikula mayai.

Jumatano, maandishi tu

Nimeyaacha magadi ya mawe. Si kwa ajili ya sabuni, hiyo ni kipimo changu kibaya. Ni kwamba magadi ya ziwani hubeba floraidi nyingi, na mtoto wangu mdogo meno ya ukubwani bado yanaota. Floraidi ikizidi umri huo meno hutoka na madoa ya kahawia. Baikaboneti, ile soda ya kutia kwenye keki, inafanya kazi ya jamii hiyo hiyo kwa upole zaidi, maana ikichemka sehemu yake hugeuka kuwa kaboneti.

Alhamisi ya pili

Gesi iliisha. Viazi vya karai na ukwaju. Mama hakusema kitu, alitabasamu tu.

Jumamosi

Majaribio mchana, nikiwa peke yangu. Vijiko viwili vya chai vya baikaboneti kwa kila lita, sufuria kubwa, maji yasipite nusu, na nisigeuke. Povu lilipanda likakomea shingoni. Dakika sita, kisha maji baridi mara mbili, na mara ya pili nazisugua hasa, maana utelezi ule juu ya uzi ndio unaobeba ladha ya soda. Nilikula uzi mmoja mtupu nikiwa nimesimama mbele ya sinki. Ukivutwa unarudi. Nikala wa pili.

Kisha kitoweo. Nimejaribu minofu ya kuku iliyokatwa nyembamba, sawa tu, haina habari. Ngisi ndiye mwenyewe. Mkate vipande, mchore mistari ya kukingamana upande wa ndani, mtupe kwenye karai likiwa linatoa moshi, hesabu mpaka arobaini. Anajikunja kama karatasi na kuwa mweupe. Mtoe hapo hapo, atarudi mwisho. Ukimwacha dakika tatu unatafuna ndara.

Nilijaribu pia mwani wa hapa kwetu. Wajapani hunyunyiza mwani wa kijani wa unga juu ya yakisoba. Mwani unaolimwa na akina mama wa Kibuyuni, kule Kwale, ni wa jamii nyingine, mnene, na kazi yake kubwa ni kutoa ute wa kugandishia. Niliukausha nikausaga. Ukavuta maji ya sosi ukawa kamasi. Badala yake nimeweka majani ya kitunguu.

Jumanne ya tatu, kwa saa

Saa moja na dakika tano usiku, birika la stima linawashwa. Lita tatu jikoni kwenye gesi hunila dakika kumi na tano, kwa birika mara mbili nazipata kwa saba. Maji yakichemka mimi nakata: nusu kabichi vipande vya mraba vya vidole viwili, si nyuzi kama za kachumbari, maana nyuzi hutoa maji, karoti moja, kitunguu, pilipili mboga. Tangawizi nyuzi nyembamba iko kwenye siki na chumvi tangu asubuhi, pamoja na kipande cha bitiruti ili iwe nyekundu kama wanayotia Wajapani.

Dakika ya nane spageti majini. Karai tupu motoni wakati huo huo, liachwe mpaka tone la maji likitupwa lidunde. Ngisi, arobaini, nje. Kabichi na wenzake, dakika mbili, nje likiwa bado linalia kwenye jino. Dakika ya kumi na tano spageti imechujwa na kusuguliwa. Mafuta, spageti, na hapa ndipo mkono unaponiwasha: usikoroge. Nikaweka mikono nyuma kama mwalimu wa zamu. Harufu ikabadilika kutoka ya unga kuwa ya mkate uliokauka kwenye mofa. Nikainua kwa mwiko, chini kuna madoa ya kahawia. Pindua. Vyote virudi ndani, sosi imwagwe pembeni ya karai na si juu ya tambi, ili iungue kidogo kabla ya kufika. Moshi wenye ukwaju ulinitoa machozi na kumwita jirani dirishani: "Yakhe, mnapika nini huko?"

Mezani dakika ya 23. Tatu zimezidi.

Binti yangu alikuwa amechonga vijiti kutoka mishikaki ya mbao, mbili mbili, kwa kila mtu. Mdogo wake alitumia kama mikuki. Mke wangu alikuta sahani yake imefunikwa, akala amesimama na mkoba begani, kisha akauliza kama zimebaki. Mama alikataa vijiti, akachukua uma, akamimina pilipili ya ukwaju juu bila kuonja kwanza, jambo ambalo kwangu ni dharau ya wazi. Alimaliza sahani. Hakusema kitu cha tambi. Alisema ngisi ni laini.

Jumatano asubuhi

Zilibaki konzi mbili kwenye bakuli. Nilikusudia kuzila ofisini. Nilipoingia jikoni saa kumi na mbili u nusu, Mama alikuwa amekaa na chai ya rangi, mbele yake hamri la jana limepasuliwa, ndani yake yakisoba baridi imeshindiliwa mpaka inachungulia.

Binti yangu akacheka mpaka akakaa chini. Japani, akamwambia, wanauza kitu hicho hicho madukani: mkate mrefu umepasuliwa, umejazwa yakisoba, na wanafunzi hununua cha mchana.

"Na huo mkate wao una iliki?"

"Hauna, bibi."

"Basi," akasema, akauma.

Jumanne ijayo: mahamri nane yawekwe kando, na kabichi likatwe kabla ya magharibi.